Kiarifu Ambatani na Wajibu wa Mfasiri: Funzo la Historia kutoka Kilosa na Mikumi

1. Utangulizi

Katika sarufi ya Kiingereza kiima kimoja huweza kubeba vitenzi viwili au zaidi bila kutajwa tena. Mwandishi akiandika "The clerk opened the file and read the letter", kila msomaji hujua kwamba karani aliyefungua jalada ndiye aliyesoma barua. Sentensi hiyo, ijapokuwa ina vitenzi viwili, huhesabiwa na wanasarufi wa lugha hiyo kuwa ni sentensi sahili. Ina kiima kimoja, na kiarifu chake kimeundwa kwa vitenzi viwili vilivyoungwa na neno "and". Muundo huo ndio tunaouita katika makala haya kiarifu ambatani.

Jambo hili laonekana dogo, na walimu wengi hulipitia kwa haraka. Hata hivyo, mfasiri anapolileta katika Kiswahili hukuta kwamba lugha yetu haina desturi ya kumwacha mtenda nyuma. Kitenzi chetu hutembea na mtenda wake: alifungua, akasoma. Yale ambayo Kiingereza huyasema kwa kunyamaza, Kiswahili hutaka yasemwe kwa kuchagua kiambishi au kiunganishi. Na katika uchaguzi huo mwenye wajibu huhifadhiwa au hupotea.

Tumechagua kulieleza jambo hili kwa njia ya historia, na mahali tulipopachagua ni Wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wa Mikumi uliomo katika wilaya hiyo. Sababu zetu ni tatu. Kwanza, katika nchi hiyo ya Usagara ndipo ulipotiwa sahihi mmoja wa mikataba inayojulikana sana katika historia ya Tanzania, nao uliletwa kwa wenyeji kwa kinywa cha mkalimani. Pili, katika milima ya wilaya hiyo ndipo ilipoandaliwa mojawapo ya sarufi za mwanzo za lugha za bara. Tatu, barabara, reli, mashamba na mbuga za sehemu hiyo zimezaa taarifa, hati na maombi mengi ambayo watumishi wa umma huyavusha kutoka lugha moja hadi nyingine.

2. Mkataba wa Msovero, 1884

Mwezi Novemba 1884 Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa na umri wa miaka 28, alivuka kutoka Unguja na kuingia bara pamoja na wenzake wachache. Alikuja kwa niaba ya Chama cha Ukoloni wa Kijerumani, naye alikuwa na haraka. Katika muda wa wiki chache alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akiwatia watawala wa sehemu hizo katika mikataba. Tarehe 29 Novemba 1884 ulitiwa sahihi mkataba baina yake na Mangungo wa Msovero, mahali ambapo leo huandikwa Msowero, katika Wilaya ya Kilosa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuyaweka chini ya ulinzi wake maeneo yaliyodaiwa kwa mikataba hiyo.

Wanafunzi wetu hufundishwa jina la Mangungo tangu shule ya msingi, na katika mazungumzo ya siasa jina hilo limekuwa mfano wa kila mkataba unaotoa mali ya watu bila watu kujua wanachokitoa. Mara nyingi lawama humwangukia mtawala huyo peke yake. Mtu wa lugha yampasa kuisoma hati yenyewe kwa jicho la sarufi, kwa kuwa hati hiyo ni somo la ajabu katika ugawaji wa viarifu.

Hati hiyo iliandikwa kwa Kijerumani, na wengi wetu huisoma katika tafsiri ya Kiingereza iliyomo katika vitabu vya historia. Tukihesabu vitenzi vinavyomtegemea Mangungo kama kiima, twakuta kwamba yeye anatoa eneo lake lote, analiachia kwa nyakati zote, na papo hapo anakabidhi haki zake zote. Tukihesabu vitenzi vinavyomtegemea Peters, twakuta kwamba yeye yu tayari kupokea, na kwamba anaahidi kuiangalia Msovero kwa namna ya pekee wakati wa kuitawala Usagara. Viarifu vya Mangungo vina uzito wa ardhi, na kila kimoja chaongeza juu ya kile kilichotangulia. Viarifu vya Peters ni vyepesi, na hicho kimoja chenye sura ya wajibu hakisemi atafanya nini hasa, lini, wala kwa kipimo gani.

Mwishoni mwa hati ndipo penye sentensi inayotuhusu zaidi. Kiima chake ni mkataba wenyewe. Kiarifu chake cha kwanza chasema kuwa umeelezwa kwa Mangungo kwa namna iliyo wazi na mkalimani aitwaye Ramazani. Kiarifu cha pili chasema kuwa umetiwa sahihi na pande zote mbili kwa kufuata taratibu zilizokubaliwa Usagara. Hapo kiima kimoja kimebeba viarifu viwili, na vyote viwili viko katika kauli ya kutendwa. Sarufi ya sentensi hiyo haina kosa. Lakini kiungo kinachoviunganisha viarifu hivyo hakimwambii msomaji kama maelezo yalitangulia sahihi, wala kama sahihi ilikuwa tunda la maelezo. Mambo mawili yamewekwa bega kwa bega, na msomaji aliyeko Berlin ameachiwa ayapange mwenyewe. Naye, kwa kuwa akili ya binadamu hupenda mpangilio, huyapanga kwa namna inayompendeza mwandishi wa hati.

Hati haikuandika maneno aliyoyatumia Ramazani. Haisemi kama alieleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya wenyeji, wala haisemi neno gani alilitumia kwa "kuachia kwa nyakati zote". Kati ya kiarifu "umeelezwa" na kiarifu "umetiwa sahihi" pana nafasi ambamo kazi nzima ya mkalimani imefichwa. Hatuwezi kumhukumu Ramazani kwa maneno ambayo hatuyaoni. Tunachoweza kusema ni kwamba muundo wa sentensi ulitumika kama ushahidi wa tendo ambalo hakuna awezaye kulichunguza. Sentensi ya namna hiyo bado iko katika fomu nyingi za ofisi zetu: "imesomwa, imefahamika na kutiwa sahihi". Mtumishi anayeitafsiri yafaa akumbuke ilikopitia.

3. Wanasarufi na kitenzi cha Kibantu

Wakati Peters akipita Usagara, kazi ya kuziandika lugha za sehemu hizi ilikwisha kuanza. J. L. Krapf, aliyefika pwani mwaka 1844, alichapisha muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili huko Tübingen mwaka 1850. Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Katika milima ya Ukaguru, kwenye kituo cha wamisionari cha Mamboya, sehemu ambayo imekuwa katika Wilaya ya Kilosa, J. T. Last alikusanya maneno na sentensi za lugha za huko na za mbali. Mwaka 1885 alichapisha orodha linganishi ya maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48. Na mwaka 1886 ilitoka sarufi yake ya Kikaguru.

Watu hawa walikuja na vipimo vya sarufi waliyofundishwa shuleni kwao, sarufi iliyotokana na Kilatini. Katika sarufi hiyo sentensi hukatwa vipande viwili: kile kinachozungumziwa na kile kinachosemwa juu yake. Mkato huo hufanyika kwa urahisi katika Kiingereza, kwa sababu kiima ni neno linalosimama mbali na kitenzi. Katika Kiswahili, Kikaguru, Kisagara au Kividunda, kisu hicho hukutana na mfupa. Neno moja "alifungua" lina kiima na kiarifu ndani yake, nalo laweza kuwa sentensi kamili bila msaada wa neno lingine.

Steere aliliona jambo moja lililo muhimu kwetu. Alipoeleza kiambishi -ka- cha usimulizi, alionyesha kwamba kiambishi hicho hubeba ndani yake nguvu ya kiunganishi. Kwa maneno mengine, anayesema "alifungua jalada akasoma barua" hahitaji kusema "na", kwa maana "na" imekwisha kuingia katika kitenzi. Hilo ni jawabu la Kiswahili kwa kiarifu ambatani cha Kiingereza, na ni jawabu lenye ziada: -ka- huunga, na vilevile huonyesha kwamba tendo la pili lilifuata la kwanza. "And" ya Kiingereza huunga tu. Mpangilio wa wakati huachiwa msomaji.

Baada ya Steere wanasarufi waliendelea kuvipanga viambishi hivyo kwa makini zaidi, akiwamo E. O. Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944, ambayo ilitumiwa kwa miaka mingi na maofisa waliokuja kufanya kazi Afrika Mashariki. Sarufi hizo zote ziliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watu waliotaka kujifunza Kiswahili, kwa hiyo swali lao lilikuwa: sentensi ya Kiingereza itavaa nguo gani ya Kiswahili? Baada ya uhuru swali liligeuka. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, ilibidi sarufi ielezwe kwa Kiswahili chenyewe, na ndipo tulipohitaji istilahi.

4. Habari za istilahi

Kazi ya kusanifisha Kiswahili ilikuwa imeanzishwa na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Katika vyombo hivyo na katika vitabu vya shule, istilahi za sarufi zilipata sura tunazozijua leo: nomino, kitenzi, kirai, kishazi, kiima, shamirisho na chagizo.

Kwa sehemu ya sentensi inayosema habari za kiima, tumepata majina zaidi ya moja. Wengine husema kiarifu, wengine kiarifa, na wengine wameswahilisha neno la kigeni wakasema prediketa. Majina mawili ya kwanza yana sifa ya kueleza kazi: hiki ndicho kipande kinachoarifu. Prediketa ina sifa ya kutambulika kwa msomaji wa vitabu vya kigeni, lakini haimwelezi mwanafunzi wa Kilosa jambo lolote mpaka aelezwe. Katika makala haya tunatumia kiarifu.

Sasa, kiarifu chenye vitenzi viwili tukiiteje? Kuna anayeweza kupendelea "kiarifu changamano". Jina hilo lina hatari. Katika vitabu vyetu, kama vile Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1999, sentensi changamano ni ile ambayo kishazi kimoja hutegemea kingine, na sentensi ambatano ni ile inayounga vishazi vilivyo huru. Vitenzi vya muundo tunaouzungumzia vina hadhi sawa mbele ya kiima, wala kimoja hakitegemei kingine. Kwa hiyo "kiarifu ambatani" lina ndugu katika lugha, nalo litatupatia pia "kiima ambatani" kwa sentensi kama "Mwalimu na mwanafunzi walisafiri".

Lipo pingamizi ambalo haifai kulipuuza. Mtu aweza kusema kwamba Kiswahili hakina kiarifu ambatani hata kidogo: kwa kuwa kila kitenzi kina kiambishi chake cha mtenda, "alifungua akasoma" ni sentensi mbili zilizoungwa, yaani sentensi ambatano. Pingamizi hili lina nguvu mahali ambapo -ka- imetumika. Halina nguvu mahali ambapo kitenzi cha pili kimevuliwa kiambishi cha mtenda, kama katika "alifungua jalada na kusoma barua". Hapo "kusoma" hakuna nafsi wala wakati wake mwenyewe; vyote viwili hukopwa kutoka kitenzi cha kwanza. Huo ndio muundo wa Kiswahili unaokaribia zaidi kile cha Kiingereza. Kwa hiyo tuna jawabu mbili kwa muundo mmoja wa kigeni, na hazina maana moja.

5. Barabara ya Mikumi: nani alikufa?

Tofauti ya jawabu hizo mbili yaonekana vizuri tukitazama mfano wa barabara. Mbuga ya Mikumi ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa mpaka Zambia hukata katikati yake. Kugongwa kwa wanyama ni jambo linaloandikiwa taarifa. Tuchukue sentensi hii, ambayo tumeitunga kwa ajili ya mfano: "Dereva alimgonga punda milia akafa."

Nani alikufa? Wasomaji wengi watajibu kwamba ni punda milia. Lakini sarufi haikusema hivyo. Dereva ni wa ngeli ya a-/wa-, na punda milia, kwa kuwa ana uhai, hufuata upatanisho huo huo. Kiambishi a- katika "akafa" chaweza kumrudia yeyote kati yao. Ujuzi wetu wa ulimwengu ndio unaoamua. Sasa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa anafundishwa kwa Kiingereza, huitafsiri neno kwa neno: "The driver hit a zebra and died." Mwalimu hushtuka. Katika Kiingereza sentensi hiyo ina kiarifu ambatani, na kiarifu ambatani hakina mlango wa pili: aliyegonga ndiye aliyekufa. Ili kumwua punda milia, Kiingereza hudai kiima kipya: "and it died".

Mwanafunzi huyo hakukosa msamiati. Alikosa kuambiwa kwamba -ka- ya Kiswahili huruhusu mtenda kubadilika bila tangazo, na kwamba "and" ya Kiingereza ikifuatwa moja kwa moja na kitenzi hairuhusu. Kanuni hiyo moja, ikifundishwa kwa mifano mitatu ubaoni, hufuta makosa mengi ya insha kuliko kurasa nyingi za fasili.

Tazama tena: "Lori lilimgonga punda milia likapinduka." Hapa shaka imetoweka, kwa sababu li- ni ya lori peke yake. "Lori lilimgonga punda milia akafa" nayo ni wazi kabisa. Upatanisho wa ngeli hufanya kazi ambayo Kiingereza hulazimika kuifanya kwa kuongeza viwakilishi. Utata wa -ka- hutokea pale tu ambapo watajwa wawili ni wa upatanisho mmoja. Basi mfasiri anayeandika kwa Kiswahili ajiulize kwanza: je, watajwa wangu wana kiambishi kimoja? Kama wanacho, -ka- haitoshi.

Jawabu ya "na ku-" husaidia hapo. "Dereva alimgonga punda milia na kufa" humwelekea dereva, kwa sababu kitenzi kisicho na nafsi hukopa nafsi ya kiima kilichotangulia. Ikiwa ni mnyama aliyekufa, yafaa kusema wazi: "Dereva alimgonga punda milia, na mnyama huyo akafa", au kugeuza kitenzi: "alimgonga na kumwua".

6. Kiarifu ambatani katika ofisi na katika sheria

Kutoka barabarani twende ofisini, ambako gharama ya utata ni kubwa zaidi. Ardhi ya Kilosa imekuwa na madai mengi: mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, mashamba ya wakulima wadogo katika bonde la Mkondoa, na malisho ya wafugaji. Ugomvi baina ya wakulima na wafugaji umewahi kumwaga damu. Mwezi Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa huko Rudewa Mbuyuni. Mahali penye historia ya namna hiyo, karatasi ya kijiji inayosema nani alifanya nini ni kitu kizito.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, iliandikwa kwa Kiingereza, na imewabidi viongozi wa vijiji kuitumia kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ya nchi ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa hiyo kazi ya kuvusha vifungu vya Kiingereza ikawa wajibu mkubwa kuliko hapo awali. Mifano ifuatayo tumeitunga wenyewe kwa kuiga mtindo wa lugha ya sheria. Haikunakiliwa katika sheria yoyote.

Mfano wa kwanza ni wa mtenda. "The officer called the farmer and signed the form." Mfasiri akiandika "Ofisa alimwita mkulima akatia sahihi fomu", amefungua mlango wa kesi. Ofisa na mkulima wote ni wa a-. Miaka kumi baadaye mkulima aweza kuambiwa kwamba sahihi ni yake, na sentensi haitamkana anayesema hivyo. "Ofisa alimwita mkulima na kutia sahihi fomu" humfunga ofisa. Na kama sahihi ilitakiwa kwa mkulima, basi "ili mkulima atie sahihi" ndiyo sentensi ya haki.

Mfano wa pili ni wa kitenzi kisaidizi. Kiingereza huweza kuunga wajibu na hiari katika kiarifu kimoja: "The Council shall consider and may reject the application." Mfasiri mwenye haraka huandika "Halmashauri itayafikiria na kuyakataa maombi." Tumekwisha kuona kwamba "ku-" hukopa kila kitu kutoka kitenzi cha kwanza. Hapa imekopa pia wajibu: Halmashauri sasa imeamriwa kukataa. Mwombaji amepoteza ardhi yake katika kiambishi. Sentensi sahihi ni "Halmashauri itayafikiria maombi, na yaweza kuyakataa" au, kwa uangalifu zaidi wa upatanisho, "Halmashauri itayafikiria maombi, nayo inaweza kuyakataa". Maneno "Halmashauri… nayo inaweza" yana faida ya kumrudisha mtenda mbele ya macho. "Yaweza" peke yake yaweza kudhaniwa kuwa ni ya maombi. Kanuni ni hii: "na ku-" itumike pale tu ambapo vitenzi vyote vina wakati mmoja, hali moja na nguvu moja ya amri.

Mfano wa tatu ni wa ukanushi. "The occupier shall not sell or lease the land." Kikanushi cha Kiingereza hutajwa mara moja kikavifunika vitenzi vyote viwili. Katika Kiswahili "Mmiliki hatauza na kukodisha ardhi" husomeka kana kwamba kinachokatazwa ni kuyafanya yote mawili pamoja, na kwamba moja peke yake laruhusiwa. Lugha yetu ina neno lake kwa kazi hiyo, nalo ni "wala": "Mmiliki hatauza wala hatakodisha ardhi." Kurudia kikanushi si uzito wa lugha, ni ufunguo wa pili kwenye mlango ule ule.

Mfano wa nne ni wa mpangilio. "The committee shall inspect the plot and record the names of the neighbours." Kwa kuwa amri hii ni ya wakati ujao, -ka- ya usimulizi haifai, na mfasiri hutumia "itakagua kiwanja na kuandika majina ya majirani". Sentensi hiyo ni sawa, lakini haisemi lipi litangulie. Ikiwa sheria yataka ukaguzi utangulie, neno "kisha" ndilo litakalosema hivyo. Ikiwa sheria haikutaka, mfasiri asiliongeze kwa sababu tu lamfurahisha sikio.

Mwisho, tuliangalie neno "na" lenyewe. Katika kauli ya kutendwa, "na" huonyesha mtenda. Katika kuunga, "na" huonyesha nyongeza. Turudi Msovero kwa mara moja. Tukiitafsiri ile sentensi kwa haraka, twapata: "Mkataba umeelezwa na mkalimani na kutiwa sahihi na pande mbili." Katika maneno machache "na" imetokea mara tatu, kwa kazi mbili mbalimbali, na msikilizaji aweza kupotea asijue nani alieleza na nani alitia sahihi. Sentensi iliyo bora huirudisha kauli ya kutenda na kuwataja watu: "Mkalimani aliueleza mkataba kwa mtawala, kisha mtawala na mgeni wakautia sahihi." Tukiandika hivyo, twaona mara moja kwamba tumedai jambo ambalo hati ya Kijerumani haikulithibitisha, yaani ule mpangilio wa "kisha". Na hapo ndipo mfasiri mwaminifu husimama na kuuliza kabla ya kuendelea.

7. Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na haya tunapendekeza mambo manne. Kwanza, istilahi "kiarifu ambatani" itumike kwa kiarifu chenye vitenzi viwili au zaidi vyenye kiima kimoja na hadhi sawa, na "kiarifu changamano" isitumike kwa maana hiyo. Pili, walimu wa Kiingereza na walimu wa Kiswahili katika shule moja wakubaliane juu ya istilahi hizo, ili mwanafunzi asifundishwe jambo moja kwa majina mawili yasiyojuana. Tatu, katika kufundisha, tofauti ya -ka- na "na ku-" iwekwe mbele, kwa mifano ambayo watajwa wake ni wa upatanisho mmoja. Nne, wafasiri wa sheria na wa fomu za serikali wakikuta kiarifu ambatani cha Kiingereza wakikague kwa maswali manne: mtenda ni yule yule? Wakati na hali ni ile ile? Ukanushi unafika wapi? Mpangilio unatakiwa au hautakiwi?

Maswali hayo hayahitaji elimu kubwa ya isimu. Mtendaji wa kata mwenye kalamu na subira aweza kuyajibu, na karani wa mahakama ya mwanzo vilevile. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila kitenzi kinachofunga au kufungua haki ya mtu kinaonyesha wazi mwenye kukitenda. Lugha yetu imepewa kitenzi kinachokataa kumwacha mtenda wake nyuma. Ni juu ya wafasiri, walimu na watumishi wa umma kuitumia nguvu hiyo kila wanapovusha hati kutoka Kiingereza, hasa hati zitakazowekewa dole gumba na mtu asiyeweza kuisoma lugha ya kwanza.